Draya, Pumba za Mpunga na Baba Mkwe

Wenzangu, leo nimeaibika nyuma ya nyumba yangu mwenyewe, mchana kweupe. Acha niwaeleze kwa utaratibu kabla mawifi hawajawaletea habari yao.

Jiko langu la pipa mnalijua. Hapa Ipyana pumba za mpunga zimejaa mashineni, nikajiuliza mkaa wa nini. Nikafunga debe juu ya pipa, pumba zikawa zinashuka zenyewe motoni kupitia kipande cha bomba. Likafanya kazi! Ila moto ulikuwa mvivu. Juzi nikaliboresha: kwenye tundu la chini nikachomeka draya yangu ya nywele. (Ndiyo, draya. Nimesuka rasta, haikuwa na kazi.)

Leo baba mkwe akaja kutoka Ndandalo kuonja samaki. Ana kibanda kitupu kando ya barabara, nami nakitaka nichomee mbasa, wale samaki wa ziwani. Akiridhika, kibanda changu. Asiporidhika, anampa fundi baiskeli.

Mila ya Wanyakyusa mnaijua: mwanamke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Kwa hiyo mzee alikaa barazani, mimi nyuma na jiko, mama mkwe akawa anapeleka maneno.

"Mwanangu, mzee anasema harufu nzuri."

"Mwambie bado kidogo, Mama. Ataona maajabu!"

Umeme ukakatika.

Sikutetereka. Nikaongeza pumba ili moto usife. Hazikuwaka, zikafuka. Moshi mzito ukaizunguka nyumba kuelekea barazani. Nikafunua mfuniko, nikainama kuchungulia. (Swichi ya draya? Nilikuwa sijaizima.)

Umeme ukarudi.

Puu! Majivu, cheche na pumba vikanivaa usoni, vingine vikapaa hadi migombani. Nikapiga yowe ambalo nadhani hadi kule Ngonga wamelisikia.

Mzee akajua nyumba inaungua. Akaja mbio na ndoo ya maji, akakata kona, akaniona. Hapo ndipo adabu ilipotuponza. Mimi nikageukia ukutani. Yeye, mtu wa heshima kabisa, akageukia migombani, na bila kutazama akarusha ndoo nzima kule alikodhani jiko lipo.

Jiko halikupata hata tone.

Nikasimama pale nimelowa chapachapa, uji wa majivu ukinichuruzika shingoni. Mzee na mimi tumepeana migongo, mama mkwe katikati, anacheka hadi ameshika kiuno.

"Hebu mwulize huyo mtu kama ameungua," mzee akasema.

"Mama, mwambie sijaungua."

"Mwulize, na samaki je?"

"Samaki mzima, Mama! Ana majivu kidogo tu."

Akarudi barazani, akapelekewa. Akapukuta, akala. Nawaambia akala, na kichwa akakiomba! Mwishowe mama mkwe akaja na hukumu, bado anajifuta machozi.

"Mzee anasema ndaga, asante sana, samaki mtamu. Kibanda chukua. Ila kile kimejengwa kwa matete, kwa hiyo hiyo draya isivuke huu ua."

Nimekubali. Wiki ijayo njooni mle mbasa kando ya barabara. Na humu kwenye kikundi asicheke mtu, maana mimi ndiye nitakayekuwa nagawa vipande, na mikia ninayo ya kutosha.