Maji Yangu Yatachemka kwa Mia

Jumatatu, 2 Machi 2026

Roho juu. Wanafunzi wangu wa Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa hapa Nyeri, wamebaki watatu: Kagure wa Gredi ya Tisa, na mapacha wawili ambao, nina hakika, hufuata chai ya baada ya somo. Wengine wamehamia kundi la Wangechi. Yeye anasoma kemia chuoni, mimi fizikia. Msimamizi wetu, Madam Khavere, amesema kundi likiwa na chini ya watatu litafungwa. Leo Wangechi ameuliza kwenye kundi letu la WhatsApp kama fizikia bado inapumua. Nikajibu papo hapo: Jumamosi nitachemsha maji mbele ya makundi yote mawili, na kipimajoto kitasoma mia kamili, kama vitabu visemavyo. Wazazi wamo humo. Wameona.

Jumatano, 4 Machi

Nimejaribu bwenini. Tisini na nne! Nikabadilisha kipimajoto. Tisini na nne. Ndipo nikakumbuka, jasho likinitoka: huku ni juu, hewa ni nyepesi, maji huwahi kuchemka. Tulifundishwa mwaka wa kwanza. Nilipita vizuri. Niseme ukweli? Haiwezekani. Mama yake Kagure ameshanitumia dole gumba.

Ijumaa, 6 Machi

Usingizi hakuna, lakini njia ipo. Chumvi hupandisha kiwango cha kuchemka. Nimepiga hesabu: sufuria yangu inahitaji pakiti nzima. Nimeinunua mbali na chuo, wasikonijua. Muuzaji akauliza kama nafuga ng'ombe. Nikasema ndiyo. Akataka kujua ni wangapi. Nikasema mmoja, mkubwa.

Jumamosi, 7 Machi

Nilimimina chumvi sufuriani wakati wa maombi ya kufungua, wote wakiwa wamefumba macho. Maji yakatokota. Mia! Makofi. Wangechi amekunja uso. Nikageuka kufuta ubao, polepole, niufaidi ushindi.

Nilipogeuka tena, mapacha walikuwa wameshatia maziwa na majani ya chai. Huku hakuna mtu anayemwaga maji yaliyokwisha kuchemka. Ningepaswa kulijua hilo kabla ya fizikia yote. Kuwazuia kungekuwa kukiri chumvi. Kikombe cha kwanza, kwa heshima, kikaenda kwa Madam Khavere. Akanywa. Akameza, kwa kuwa ni mtu wa adabu.

"Kijana," akaniambia, "hii chai umeifanyia nini?"

Nikaanza kueleza habari za maji ya mfereji. Wangechi akaonja kwa ncha ya kijiko, akacheka mpaka akatafuta kiti. Akawaambia watoto yote: mwinuko, hewa, chumvi. Akaniita Profesa wa Supu.

Kagure peke yake hakucheka. Akaniuliza mimi, si Wangechi: "Na kwa cucu, nyanya yangu wa Endarasha, ni juu kuliko hapa. Huko itakuwa ngapi, mwalimu?"

Nikasema sijui. Akaomba kipimajoto. Nikampa, nipate tu kutoka.

Jumapili, 8 Machi

Mapacha wamehama. Nimebaki na Kagure. Nimeshinda nikiitazama simu kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Jioni Madam Khavere amepiga. Kisheria, kundi langu limekufa. Lakini Kagure amempigia kutoka kwa nyanya yake. Amechemsha maji mara tatu, yakakataa kufika tisini na tatu. Amemwambia mamake kwamba akienda sekondari ya juu atachagua sayansi, na hataki mwalimu mwingine, kwa sababu kwangu mambo hukosea na mtu anapata la kuuliza. Madam amenipa Jumamosi moja, kwa sharti la jaribio la kweli, bila ujanja.

Nimeapa. Na nimelielewa kosa langu: chai. Safari hii nimechagua jaribio lisilonyweka. Tutafunga jiwe kwenye uzi, lipembee, tuhesabu sekunde. Majibu nimeshayaandika, yanalingana na kitabu hadi nukta. Jambo moja tu linaninyima raha. Kagure anasema atakuja na saa yake mwenyewe.

Lazima niishike hiyo saa, niirekebishe kidogo, kabla somo halijaanza.