Mwenza kwa Mujibu wa Kijiko

Ameolewa! Jamani, Darlene Kowalchuk ameolewa na Waziri, na mimi mwenyewe ndiye niliyebonyeza kitufe!

Ngoja nianze vizuri. Jumatatu Wizara yetu ya Unafuu wa Familia ilitangaza Mageuzi Makubwa: kodi ya mapato ya jimbo imepunguzwa (kwa Darlene hiyo ni kopo moja la kahawa kwa mwaka), na posho ya mtoto itafuata mapato ya nyumba nzima. Nyumba ni nani? Tulikaa vikao tisa, tukaafikiana: mtu mzima yeyote aliyeonekana akimlisha mtoto humo ndani ni mwenza. Ushahidi ni picha. Busara tupu.

Waziri Wiebe akaenda kuzindua mageuzi jikoni kwa Darlene, anayefua mashuka ya hospitali na kulea binti peke yake. Akamlisha mtoto uji wa shayiri, kamera zikapiga. Picha ikaingia kwenye mfumo. Mfumo ukajumlisha mishahara yao, ukaona hawa ni matajiri, ukakata posho.

Jana Darlene kaja dirishani kwangu, mtoto kiunoni.

"Dada, posho ndiyo inalipa chekechea. Isipolipwa siendi kazini!"

"Pole. Ila mumeo si ana mshahara mnono?"

"Mume gani? Kakaa dakika nne, kaniachia bakuli nioshe!"

Nikaandika: ndoa ya kuishi pamoja bila cheti, nikabonyeza kitufe. Na kwa uadilifu wangu, nikahamishia ada ya chekechea kwenye mshahara wa mume.

Leo asubuhi Waziri kanipigia, anafoka. "We binti, futa hiyo kanuni sasa hivi!"

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Mwenye maslahi hafuti kanuni, na wewe ni mume wa mhusika. Lete barua ya jirani kwamba huishi pale."

Jirani wa Darlene ni Mzee Orville. Mchana nikapita, baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri, nikamkuta Waziri kwenye uwanja wa mzee, koleo mkononi, anazoa theluji akiwa ndani ya suti yake.

"Mzee, nimezoa hadi getini. Andika basi hiyo barua!"

"Bado nyuma ya gereji, kijana."

Darlene akatoka na kikombe cha kahawa, akampa mzee.

"Andika taratibu, babu. Ada ya mwezi huu imeshalipwa. Ya mwezi ujao bado."

Mzee akarudisha kalamu mfukoni.

Nimeondoka theluji mpya inaanguka. Kesho nikitoka kazini napita tena, nije niwaambie kama gereji imeonekana.