Prosesa ya Kudumu Miaka Kumi

Jumamosi, 5 Juni 1999

Saa kumi alasiri. Ubao wa drafti mezani, kete zimepangwa, chai ya tangawizi kwenye chupa. Hakuna aliyekuja. Hakuna! Hata shemeji yangu Yakobo, aliyeshuka na njegere zake kutoka mlimani, alipita mbele ya baraza akinipungia mkono kama abiria.

Wote wako kwa Benedikto, upande wa pili wa ua wa michongoma. Benedikto, mtunza stoo mstaafu, ameletewa kompyuta na mwanawe. Ina mchezo wa magari ya mbio. Bingwa ni mzee Mosi, aliyeendesha malori ya Dodoma miaka ishirini na sita. Nimemsikia akijitetea kwa sauti kwamba amepunguza mwendo kwa sababu pale mbele panafanana na Dumila, na watu wa Dumila huvuka barabara wakiwa wanauza. Vicheko mpaka kuku wangu wakashtuka.

Nilitoka Ukerewe mwaka 1963, na sanduku la mbao na cheti cha ualimu. Morogoro sina ukoo. Ukoo wangu ni hao watatu, kila Jumamosi, tangu 1981. Siwezi kunyang'anywa na magari ya kwenye kioo. Nitanunua kompyuta. Bora kuliko yake. Ya kudumu miaka kumi.

Jumatatu, 7 Juni

Nimekwenda kwa Riziki, anayeuza kompyuta karibu na soko kuu. Nilimfundisha jiografia, alikuwa wa nne darasani. Shikamoo mwalimu, kiti, soda. Nikamweleza: mchezo wa magari, miaka kumi, mfuko wa mstaafu.

Akafafanua vizuri mno. Kwamba prosesa ndiyo ubongo wa mashine, lakini nisichukue yenye kasi kuliko zote. Nichukue ya kati, ile ya 300, na ubao mzuri wa kuibebea, utakaokubali prosesa ya kasi zaidi baadaye bei zikishuka. Kitakachobaki kiingie kwenye kumbukumbu na kadi ya picha, maana magari ya mbio yanakula picha kuliko hesabu. Kasha na kioo kuna vya mitumba, kutoka ofisi moja ya Dar. Vyote vinatosha ndani ya bajeti yangu.

Muuzaji anayembembeleza mteja anunue cha bei ndogo! Sikusoma vitabu vyote vile nije nishindwe kuona hila. Ile ya 466 ilikuwa kabatini. Moja tu. Nimeelewa. Kuna mtu anawekewa.

Jumanne, 8 Juni

Nimeinunua ile ya 466. Bajeti imekwisha yote. Riziki alinisihi, kisha akaandika risiti polepole kama mtu anayeandika rambirambi.

Vijana hawa hawaujui mwaka 1983. Mimi naujua. Aprili nilipata tairi moja la baiskeli. Novemba la pili. Baiskeli yenyewe mwaka uliofuata. Nikaiendesha miaka kumi na mmoja! Kitu kikionekana, kamata, vingine vitafuata. Riziki anadai siku hizi vitu vimejaa madukani na bei zinashuka kila mwezi. Hata sukari tuliwahi kuambiwa hivyo.

Magdalena, mke wangu, alifungua kiboksi akauliza kompyuta yenyewe iko wapi. Nikamwambia hii ndiyo, kwa asili yake. Akasema eti Baba Irene umenunua jicho la mbuzi, sasa kaa usubiri mbuzi.

Jumatano, 9 Juni

Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, kwa hiyo nilikaa ndani na kioo changu cha kukuzia nikahesabu miguu ya prosesa. Mia tatu na sabini. Nikarudia. Mia tatu na sabini. Imesimama wima, rangi ya dhahabu, kama brashi ya mfalme.

Jioni nikamwonyesha Benedikto juu ya michongoma. Nikamwuliza yake ni ya ngapi. Akaenda kuangalia. 233! Raha ya ajabu. Kisha akauliza yangu nimeichomeka wapi. Nikamjibu waje wote Jumamosi saa kumi, wajionee. Akasema watakuja, ila kila mtu atabeba kiti chake, isije ikawa na viti nimenunua mguu mmoja mmoja.

Alhamisi, 10 Juni

Tatizo dogo. Prosesa haina kasha, haina ubao, haina kioo.

Riziki amekubali kuniazima mashine yake ya maonyesho hadi Jumatatu. Jumamosi asubuhi nimpelekee prosesa, fundi wake wa chumba cha nyuma aiweke ndani. Nimeshinda!

Nikiwa njiani kurudi Bigwa nikasimama ghafla. Fundi. Chumba cha nyuma. Nani asiyewajua mafundi? Mwaka 1977 redio yangu iliingia kwa fundi na spika yake, ikatoka na ya mtu mwingine. Huyu naye ataweka 300, atabaki na 466 yangu, na nani atajua? Lazima iwe na jina.

Ijumaa, 11 Juni

Nimekwenda sokoni kwa Elia, yule anayeandika majina kwenye sufuria ili zisipotelee misibani na harusini. Nusu ya Bigwa inakula kwenye mwandiko wake. Msumari, nyundo, kipande cha reli. Akauliza huu ni mfuniko wa nini. Nikamwambia ni ubongo. Akasema basi atagonga kwa adabu.

E. MAFURU BIGWA. Herufi kumi na mbili, vitone safi, juu ya uso wa chuma. Chini iliegemea reli, haikuteleza hata kidogo. Sasa na aje mwizi!

Magdalena ameuliza mbona ile brashi ya chini imelala. Nikamwambia imetulia.

Jumamosi, 12 Juni

Miguu mia mbili na kumi na nne imepinda. Kumi na tisa imekatika. Riziki aliitazama muda mrefu, akasoma jina langu kwa sauti, akaniomba nikae. Fundi alitoka chumba cha nyuma kushuhudia. Akampigia simu fundi mwenzake Dar amsimulie.

Riziki akasema mashine yake ina prosesa yake ndani, niende nayo hivyo hivyo, wageni wasijue. Nikakataa. Mashine ya kuazima sawa. Ubongo wa kuazima, hapana. Nilikuwa mwalimu mkuu msaidizi.

Saa kumi kamili wakafika. Na viti! Sikuwa na pa kujificha. Nikaileta kwenye kisosi. Ikapita mkono kwa mkono. Mosi akasema ameona malori yaliyopinduka Gairo yakiwa yamelala vizuri zaidi. Yakobo akauliza, shemeji, hii inachemshwa au inachomwa? Benedikto alicheka mpaka akavua miwani.

Drafti ilipoanza tukakuta kete moja imepotea. Mosi akaiweka prosesa ubaoni, ikawa kingi. Tumecheza mpaka magharibi. Magdalena alichemsha njegere. Hakuna aliyetaja magari. Benedikto alisahau kwenda kuzima kompyuta yake. Nimeshinda michezo mitatu.

Fedheha tupu. Siku mbaya kuliko zote za mwaka huu.

Jumatatu, 14 Juni

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa lilikuwa moja: msumari ulikuwa mnene. Elia anao mwembamba.

Na jambo jingine. Kama prosesa iliyokufa imeleta watu watatu pamoja na viti vyao, nzima itajaza mtaa. Nimeanza upya leo hii, kwa vipesa vya masomo ya jioni ninayofundisha. Nimenunua kipanya. Bora kabisa dukani, cha kudumu miaka kumi. Riziki aliponikabidhi alikuwa amefumba macho.

Mosi alipita saa kumi na moja. Shauri lake ni kwamba Jumamosi waje tena, yeye atabeba mihogo. Nikamwambia hapana. Wasije kabisa mpaka mashine ikamilike. Kwa makadirio yangu, Juni 2001. Akasimama barazani kidogo, akatazama meza, akaondoka.

Wivu umeshaanza.