Kichwa Nilichokitoa Kisaju

Leo nimeaibika, na mashahidi ni wakwe.

Tulitoka Kitengela asubuhi kwenda Kisaju, nyumbani kwa Naserian, msichana ambaye mwanangu Brian anataka kumwoa. Ilikuwa siku ya kujitambulisha. Baba yake Naserian hakuwa amewahi kumwona Brian, na tulikuwa tumeonywa: asipompenda kijana siku ya kwanza, hakuna siku ya pili.

Tukiwa langoni, mke wangu aliniuma sikio. "Baba Brian, leo usitaje raga."

"Sitataja."

(Nilimaanisha. Huwa namaanisha kila mara.)

Mzee alikuwa bado kwa ng'ombe. Tukakaribishwa uani, tukapewa chai. Mdogo wake mzee, Lemayian, akawa anapiga gumzo nasi kuhusu enzi zake za umorani, ujana wa kishujaa wa Wamaasai. Kisha akaniangalia tumbo.

"Na nyinyi huko Mumias, ujana mlikuwa mnafanya nini? Kula miwa?"

Ningenyamaza. Lakini alikuwa ameugusa mji nilikozaliwa. Nikamweleza kwamba Mumias ni mji wa wafalme wa Wanga, kwamba misafara ya biashara ilipumzika pale kabla Nairobi haijawa mji, na kwamba mimi niliuchezea raga. Nilivaa jezi namba moja (hiyo ni namba ya mnene wa mbele, si ya ubora). Sikusema kwamba tulishindwa na kila mji usio na mfalme.

"Raga ni ile ya kusukumana kama fahali?"

"Ile ile. Hapo kwa kusukumana panaitwa skramu."

"Hebu onyesha."

Mke wangu akakohoa. Kikohozi hicho nakijua. Nikakipuuza.

Hakuna aliyekubali kusukumana nami, kwa hiyo nikasukumana na hewa. Nikainama kuelekea langoni, mgongo umelala kama meza, kichwa mbele, macho chini. Hapo mgongo ukakwama. (Umri.) Nikabaki vile vile, nikitazama viatu vyangu na kungoja mgongo unionee huruma.

Akala mbili za tairi zikasimama mbele yangu. Na ncha ya fimbo.

Kwa Wamaasai, mtoto humsalimu mkubwa kwa kuinamisha kichwa, naye mkubwa hukigusa. Mtoto. Mimi nimepita hamsini.

Kiganja kikatua utosini mwangu, kizito na cha upole. "Supa," sauti ikasalimu kwa Kimaasai.

Mdomo wangu, ambao umesoma hadi chuo kikuu, ukajibu: "Shikamoo."

"Huyu amelelewa," mzee akawaambia watu. "Vijana wa siku hizi wanakuja wamenyoosha mkono kama wanasiasa. Huyu ameniletea kichwa. Naserian, huyu nimemkubali." Akakipapasa kichwa changu. "Lakini mbona ana upara?"

"Baba," Naserian akasema polepole, "huyo ni baba yake."

Brian alikuwa amesimama kando, mkono umenyooshwa kama mwanasiasa. Akaurudisha haraka, akainama karibu yangu. Mzee akamgusa naye, akacheka mpaka fimbo ikamponyoka.

"Basi leo nimepata watoto wawili."

Nyama ilipoiva, mgongo ukiwa umeshanionea huruma, Lemayian alinikatia fungu la watoto. Nikala. Ilikuwa tamu sana, kusema kweli. Mke wangu hajasema neno tangu Kisaju. Anakohoa tu.

Harusi ipo. Naomba tu, nyinyi mtakaokuja kutoka Mumias, mkimsalimu mkwe wangu msimame wima. Mji umeshatoa kichwa cha kutosha.