Ngao Kwenye Simu ya Mkuu

Jumatatu, 3 Machi

Naanza shajara hii kwa sababu mtu mwenye akili kama zangu hana wa kuzungumza naye ofisini. Kampuni ya magodoro! Nimesoma kote kule nije kuandika vipimo vya sponji.

Ijumaa Mkuu anathibitisha kazini karani mmoja kati ya wawili tulio katika majaribio. Mmoja ni mimi. Wa pili ni Kola, anayeitwa hivyo kwa sababu kola ya shati lake husimama wima hata mwenyewe akiwa ameinama. Kwa akili nilishamshinda zamani. Ila naogopa. Shangazi, ninayeishi kwake, nilimwambia mwezi uliopita kwamba nimeshathibitishwa. Sijui kwa nini. Nilikuwa na njaa na alikuwa ananiangalia. Ameutangazia ukoo mzima. Baba mkubwa kapiga simu kunipongeza, nami nikapokea pongezi!

Leo mchana Mkuu katoka chumbani kwake akiitikisa simu kama anayekung'uta mchanga kwenye kiatu. Hawezi kusoma habari. Akigusa habari, linafunguka tangazo la dawa ya upara. Akilifunga, la kamari. Akilifunga hilo, anaimbiwa. Kola akacheka, akasema pole Mkuu, ndiyo dunia ya leo hiyo, tutafanyaje.

Tutafanyaje! Jibu la mvivu wa kufikiri. Nilichungulia simu yake. Anafungulia mtandao kwa kivinjari kile kile kilichokuja na simu kutoka dukani. Mtu wa namna hiyo akihamia nyumba mpya huvaa kandambili zilizoachwa na mpangaji wa zamani.

Mpango umenijia papo hapo. Sikumwambia mtu.

Jumanne, 4 Machi

Nimechunguza vivinjari kwa makini. Cha kwanza kinajisifu kubana matumizi ya bando. Kweli kinabana. Picha zinatoka kama nguo iliyochuja. Cha pili kinajisifu kutunza siri. Ni msiri kupita kiasi, kimezificha nywila zangu hata kwangu. Cha tatu kina kizuia matangazo ndani yake, alama yake ngao ndogo pembeni. Hicho ndicho ninachotumia mwenyewe tangu mwaka jana, na sijaona tangazo hata la kusingiziwa. Ila mtu mwangalifu huchunguza vyote ndipo achague alichokwisha kukichagua. Nilisoma masharti yake hadi mwisho. Naamini ni mimi tu na mwanasheria aliyeyaandika.

Mwangalifu pia hajaribu dawa kwa Mkuu kwanza. Nimeijaribu kwa shangazi. Hasara tupu. Alifungua ukurasa wake wa mapishi, akauliza nani kahamisha vilivyokuwa humo. Alisema kurasa zimekuwa nyeupe kama ukuta wa hospitali. Nikamweleza kuhusu faragha. Akauliza ana siri gani yeye, mtu ambaye hata akikohoa jirani anamwitikia pole. Matangazo ndiyo yaliyompatia mashine ya kusagia, mapazia na dawa ya magoti. "Mwanangu," akasema, "umenifukuzia wageni."

Wageni! Mtu akikosa elimu hulilia matangazo. Nikaiondoa ngao, dawa ya upara ikarudi, shangazi akaisoma yote kwa furaha, naye ana nywele hadi mabegani.

Kisha akauliza barua ya kuthibitishwa inakuja lini, maana anataka kununua fremu ya kuitundikia.  Nikasema barua nzuri huchelewa.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Nilingoja Kola aende ghalani. Nikabisha mlango wa Mkuu taratibu mno, hakusikia. Nikabisha tena, nikasikia mimi tu. Katibu muhtasi akanionea huruma, akabisha yeye.

Nilimwekea Mkuu kivinjari changu, nikawasha ngao. Akafungua habari. Kimya. Hakuna upara, hakuna kamari, hakuna aliyeimba. Mkuu akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akasema kijana, kumbe umo! Akazunguka ofisi nzima kuwaonyesha katibu, dereva na mlinzi, mkono wake mmoja ukiwa begani kwangu. Mkono mzito. Nilikuwa natetemeka, lakini kwa heshima.

Kola karudi, katuangalia. Akauliza kama ni vizuri kuzuia kila kitu bila kuchagua. Swali la wivu. Nikamjibu mbele ya wote kwamba ngao haina upendeleo: chochote kinachoitwa tangazo kinakufa. Mkuu akaitikia kwa kichwa. Nimejipenda leo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwisha.

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, Mkuu hufungua ukurasa wa mbele wa gazeti la mtandaoni kujiangalia. Kampuni ina tangazo pale. Yumo Mkuu mwenyewe, kalala juu ya godoro letu kwa suti na viatu, macho kafumba, anatabasamu, na maneno chini yake: "Lala kama mimi." Nilikuwa nimelisahau. Ningelikumbukaje? Mimi sioni matangazo!

Leo kafungua. Hayupo. Kishindo chake kilisikika hadi ghalani. Kola ndiye anayepeleka matangazo gazetini, kwa hiyo Kola akaitwa, nami nikaitwa nikaone mtu mzembe anavyokuwa. Kola akaapa tangazo lipo, akafungua simu yake. Kweli, Mkuu alikuwa amelala humo vizuri tu. Mkuu akaziweka simu mbili kwa pamoja, akawa anaangalia hii, anaangalia ile. Akauliza inawezekanaje kwako niwepo na kwangu nisiwepo. Akajijibu mwenyewe kwamba Kola ana picha ya zamani aliyoihifadhi ili kumdanganya. Kisha akaniagiza nifungue yangu.

Yangu ina ngao ile ile. Nilijua kabla sijafungua. Mkuu akauliza, "Unaniona?" Nikasema sikuoni, Mkuu. Ambayo ni kweli tupu, hata mbele ya hakimu.

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo. Mdomo ukaona uso wa Mkuu, ukajifunga wenyewe. Mkuu kaamua kesho aitwe dada wa matangazo kutoka gazetini. Ikithibitika tangazo halipo, Kola afungashe. Kwa mara ya kwanza kola ya Kola ililala. Nilimhurumia. Kisha nikakumbuka kwamba yeye ndiye mwenye meza ya dirishani.

Lakini dada wa matangazo atajua!  Mchana nikajikaza kisabuni, nikamwambia Mkuu kioo cha simu yake kina vumbi, aniruhusu nikakifute. Nikaenda nayo koridoni, nikaiondoa ngao kwenye ukurasa wa gazeti peke yake. Nikafungua nimwone Mkuu.

Mahali alipolala Mkuu palikuwa na godoro la watu wengine! Wapinzani wetu, wale wa ng'ambo ya barabara! Mwanamke anajinyoosha kwa raha, na maneno: "Bado unaumwa mgongo? Rudi umalizie kuagiza." Nikafungua upya. Yeye tena. Upya. Yeye.

Nikaelewa mara moja, maana mimi huelewa mambo mara moja. Wapinzani wameinunua nafasi yetu gazetini, na Kola kalala! Ngao haina kosa. Mimi sina kosa. Nikaamua kuiacha imezimwa, Mkuu aone uhaini kwa macho yake mbele ya wote. Nikamrudishia simu inang'aa. Jioni nimeimba bafuni. Shangazi kaniuliza ninaumwa wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulikusanyika chumba cha mikutano asubuhi mapema, Mkuu hajafungua gazeti lake. Mkuu, Kola, katibu, mlinzi, dada wa matangazo mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye, na Mama, yaani mke wa Mkuu, ambaye nusu ya kampuni ni yake na nusu nyingine humsikiliza. Dada akasema tangazo halijaondolewa hata siku moja. Akaonyesha simu yake, Mkuu amelala. Mama akafungua yake, amelala. Mlinzi naye akafungua yake, Mkuu amelala, kioo kina ufa usoni kwake.

Hapo nikasimama. Sijawahi kusema kwenye kikao. Nikasema kwa heshima zote, Mkuu afungue ya kwake, na aigeuze ili wote waone.

Akaigeuza kabla hajaitazama mwenyewe.

"Bado unaumwa mgongo? Rudi umalizie kuagiza."

Nikasema mnaona, wameinunua nafasi yetu! Hakuna aliyenipigia makofi. Dada wa matangazo akaumauma midomo. Akaeleza polepole, kama anayemlisha mtoto, kwamba nafasi ile inagawanywa kati ya matangazo mengi, na mengine humfuata mtu kwa kile anachokitafuta kwenye simu yake. Hili basi halikuja kwa gazeti wala kwa kampuni. Limemfuata mwenye simu.



Mama akamgeukia Mkuu. Akamuuliza godoro wanalolilalia, la kwao wenyewe, lenye jina la ukoo, lina kosa gani. Mkuu akasema alikuwa anafanya utafiti. Mama akachukua simu, akalifungua lile tangazo, akasoma. Akauliza kama utafiti nao huagizwa futi sita kwa sita na kupelekwa mlangoni. Kola akakohoa. Kikohozi gani kile chenye meno nje!

Mkuu akatafuta pa kukimbilia. Akauliza kwa ukali kwa nini basi jana hakujiona kabisa. Dada akagusa pembeni ya skrini, akaiona ngao, akauliza nani kaiweka. Mkuu akaninyooshea kidole. Mkono ule ule uliokuwa begani kwangu!

Kola kathibitishwa pale pale, Mama akiwa amesimama. Mimi niliitwa ndani, mlango ukafungwa. Mkuu alisema nilistahili kutupwa nje, ila mtu anayejua habari za mgongo wake ni afadhali awe karibu kuliko mbali. Majaribio yangu yanaanza upya. Kuanzia kesho nipo ghalani, nahesabu springi. Na nisiguse simu ya mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Ghalani hakuna dirisha. Nimepata nafasi ya kufikiri.

Kosa halikuwa ngao. Kosa lilikuwa kuizima! Ningeiacha, Mkuu asingeona godoro la watu, Mama asingejua, na Kola angekuwa nyumbani anapiga pasi kola yake. Nilijitia huruma, huruma imeniponza.

Shangazi nimemwambia asubuhi kwamba nimepandishwa cheo, nimepewa chumba kikubwa chenye magodoro yangu peke yangu. Kashapiga simu kwa baba mkubwa.

Kisha, saa ya chakula, Mama kaja ghalani mwenyewe.  Kumbe ana shida. Kasikia najua kufuta matangazo. Amechoka kufungua gazeti kila asubuhi na kumkuta mumewe kalala na viatu. Kumsikia akikoroma nyumbani kunatosha. Je, ninaweza kumwondoa? Nikakumbuka agizo la Mkuu. Ila Mkuu alisema simu ya mtu, na Mama si mtu, ni nusu ya kampuni.

Nikaweka kivinjari, nikawasha ngao. Mkuu katoweka palepale! Mama kafurahi hadi kanishika mkono. Kasema Jumatatu, kwenye chai, atamwonyesha Mkuu mwenyewe kazi yangu, amwambie ni nani aliyeifanya.

Nimemwambia shangazi akanunue fremu.