Kinyumenyume Mbele ya Bibi de Courtanvel

Alhamisi, 1 Oktoba 1789, Versailles
Naapa kuandika yote, hata ya aibu, maana Shangazi Radegonde wa Paris alinipa daftari hili kwa sharti hilo. Basi. Mimi ni Apolline, mwanafunzi wa masista. Baba hutengeneza mawigi. Tangu Julai makabaila wanakimbilia ng'ambo, na vichwa vyao vimekwenda nao. Baba amesema nisipopata mfadhili, wiki ijayo naacha shule nikachemshe nywele dukani. Nywele! Na hesabu za sehemu ndiyo kwanza nimezielewa!

Tumaini langu ni Bibi de Courtanvel wa kasri la mfalme. Jumanne atakuja kuchagua msichana wa kumlipia karo. Mkubwa hapewi mgongo: unapiga goti mara tatu, unaondoka kinyumenyume, ukiusukuma mkia wa gauni kwa kisigino. Hapa hakuna anayeweza. Nitaweza mimi.

Ijumaa, 2 Oktoba
Nimejifunga pazia la bweni kiunoni liwe mkia. Nilikwenda vizuri ukumbi mzima. Mwisho wa ukumbi alikuwapo Sista Scholastique na sufuria la supu. Hortense, binti wa muuza mishumaa, naye anautaka ufadhili. Aliniita mwana wa kaa. Shingoni ana medali ya malkia, mfukoni ana ua la utepe la rangi tatu, la wanamapinduzi. Anasema atavaa litakalohitajika. Hana msimamo!

Jumapili, 4 Oktoba
Mbinu ya pili: poda ya nywele. Nilijimwagia kopo zima la Baba, nikatoka kichwa cheupe pe. Mbele ya duka la mkate, foleni. Mama mmoja akanishika sikio: "We mtoto! Wanangu hawajala tangu jana, we umejipaka mkate kichwani?" Wakanikung'uta kama zulia, aproni zimekingwa chini. Nikaeleza kwamba ni poda, si unga. Kumbe ni unga.

Jumatatu, 5 Oktoba
Mvua. Wanawake wa Paris wamekuja kwa miguu, maelfu, matope tupu, na mikuki na mzinga, kumdai mfalme mkate. Baadhi wanajikausha katika chumba chetu cha chakula. Muuza samaki mmoja amekalia kiti alichoandaliwa Bibi de Courtanvel! Nikaona nisipoteze nafasi, nikamfanyia yeye majaribio. Alicheka hadi akakohoa. "Mwanangu, unakwenda huku unaangalia ulikotoka? Utaanguka, shauri yako." Mtu wa sokoni, hajui adabu za kasri. Naomba kesho asubuhi wawe wamemaliza.

Jumanne, 6 Oktoba
Wamemaliza. Na mfalme wamemchukua! Yeye, malkia na magari ya unga, wote kwenda Paris. Tulikuwa getini, umati unapita. Nikamwona dobi amejifunika kitambaa, kapu kwapani, anajipenyeza kando ya ukuta kuelekea upande mwingine. Pua ile naijua. Nimeiona dukani kwa Baba. Bibi de Courtanvel!

Nikaruka barabarani. Goti mara tatu. Kinyumenyume, polepole, pazia kiunoni. Sikujikwaa hata kidogo! Umati ukasimama. "Tangu lini dobi akapigiwa goti?" Wakamvua kitambaa. Bibi akanitazama, nilidhani ni shukrani.

Hortense akachomoka, akambandika Bibi ua la rangi tatu kifuani, akapaza sauti: "Mwacheni nyanya yangu, anafulia masista! Na huyo mwenye pazia msimjali, akili zake zinakwenda kinyumenyume hivyohivyo." Wakacheka, wakapita. Bibi atamlipia Hortense karo mpaka amalize. Kuhusu mimi alimwomba Sista nisiletwe tena mbele yake.

Jumatano, 7 Oktoba
Baba atanichukua Jumamosi. Hortense kanimegea mkate wake, kaniita dada kaa. Nililia kidogo, halafu nikafikiri. Kosa langu nimelijua: matope. Goti la tatu halikushuka vya kutosha. Lakini wakubwa wote sasa wako Paris, katika kasri la zamani lenye ngazi kubwa. Kushuka ngazi kinyumenyume! Hakuna msichana Ufaransa nzima anayeweza. Nimeanza mazoezi kwenye ngazi za mnara wa kengele. Goti moja tu limechubuka.

Shangazi, kurasa hizi anakuletea dereva wa gari la farasi, naye atasubiri jibu: ngazi za kasri hilo zina zulia, au ni mawe matupu?