Mizani Iliyokutwa Imevunjika

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Meneja mpya amefika. Mama mfupi, miwani imening'inia kwenye kamba, sauti ya kengele ya shule. Ameita ghala zima kikaoni, kuanzia sisi makarani hadi mlinzi wetu, Mzee wa Geti, ambaye kikao kilichopita alikoroma. Akainua ripoti zangu, zile ninazowaandikia makao makuu kwa Kiingereza kila wiki. Nikakaa sawa nipokee sifa. Akasoma kwa sauti: kifurushi kilipotezwa, dirisha lilivunjwa, chai ilimwagwa juu ya hati. Akauliza kama ghala hili lina majini. Mbona mambo yanafanywa na hakuna anayefanya?

Watu wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Kalamu Mbili, karani mwenzangu. Jina amelipata kwa kalamu mbili za mfukoni. Moja haina wino, nimeikagua.

Amri imetoka: kauli ya kutendwa marufuku. Kila sentensi ya Kiingereza ianze na mtu. Nani, kafanya nini, basi. Atakayeandika vizuri mwezi huu ndiye karani mkuu.

Nimeijenga sanaa hii miaka kumi na mitano! Nimezika mengi humu ndani, na hakuna kaburi hata moja lenye jina langu.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi mke wangu kasema suruali yangu inaomba msaada. Nikamwambia nina kilo themanini, sijaongeza hata punje. Akacheka mpaka akakaa chini. Kuchekwa kazini na nyumbani kwa siku mbili, hapana, sikubali.

Saa ya chakula ghala lilikuwa tupu. Nikapanda mizani ya vifurushi. Tisini na sita! Nikavua viatu. Tisini na sita. Nikatoa funguo mfukoni, nikatoa pumzi. Tisini na sita. Ni wazi mshale umekwama. Nikiwa bado juu, nikaipiga ngumi moja usoni, ya kuizindua tu.

Tang! Kitu kikakatika ndani. Nikashuka, mshale ukabaki palepale tisini na sita. Hakuna aliyeniona. Mzee wa Geti alikuwa kwenye kibanda chake nje ya dirisha, kofia usoni, kalala fofofo. Mungu ni mwema.

Jumatano, 5 Machi

Ripoti. Zamani ningeandika kuwa mizani ilivunjwa, nikaenda zangu kunywa chai. Leo nimetoka jasho mpaka kola ikalowa.

Nikaandika: mizani imegoma. Ikarudi na wino mwekundu. Meneja anauliza imegoma ikidai nini. Nikaandika: panya wamevunja mizani. Nilifurahi kweli, maana watendaji wapo, tena wengi! Akaniita ofisini, akataka kujua panya wa kilo ngapi.

Kisha akaenda kuiangalia mwenyewe. Akasimama mbele ya ule mshale, akavaa miwani. Sipendi mtu mwenye akili akivaa miwani. Akasema aliyevunja mizani ameacha kilo zake hapo. Ijumaa wafanyakazi wote watapimwa kwenye mizani ya zahanati ya jirani. Na aliyedanganya hana kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Nafunga. Tangu jana mchana sijala kitu. Kalamu Mbili amekula mkate mbele yangu taratibu, kwa makusudi. Mke wangu kadhani nimenuna kwa yale ya suruali, basi jioni kapika vizuri kuliko siku ya harusi yetu. Nimekaa nje mpaka harufu iishe. Mateso!

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nina watoto wanne, kwa hiyo methali hiyo hainihusu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimenyoa nywele zote. Nimeacha mkanda nyumbani, suruali nimeishika kwa mkono. Zahanati. Kalamu Mbili: sitini na moja, kalamu zote mbili zikiwemo. Mimi: tisini na tatu! Nikataka kumkumbatia muuguzi.

Nikiwa bado nacheka moyoni, akapanda Mzee wa Geti. Koti zito, buti, rungu kiunoni. Tisini na sita kamili.

Mzee hakujitetea. Alivua kofia tu, akaishika kwa mikono miwili. Amebakiza miezi mitatu astaafu. Meneja naye hakufurahi, nilimwona, lakini neno lake lilikuwa limeshatoka. Akanigeukia. Jumatatu anataka ripoti mezani, mtendaji awe mwanzoni: mlinzi kavunja mizani.

Tulipokuwa tunatoka Mzee akanishika bega. Akaniambia, mwanangu, andika ulichokiona.

Jumamosi, 8 Machi

Sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kuandika, na haiandikiki. Nimechana karatasi tisa. Njaa yote ile, na sasa chakula kipo na sikigusi.

Mke wangu akauliza, baba watoto, nani kafa? Nikamweleza yote, mpaka zile kilo. Kwenye kilo hakucheka, nikajua mambo ni mazito. Akauliza kama huyo ndiye mzee aliyetembea kwenye mvua siku ya msiba wa mama mkwe wangu, akatuachia mwavuli wake. Nikasema ndiye. Akachukua sahani yangu, akaenda nayo jikoni. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeandika: mimi nilivunja mizani. Kwa Kiingereza ni maneno manne tu. Yamenila siku mbili.

Meneja kasoma mara mbili. Kasema katika miaka yangu kumi na mitano hii ni sentensi ya kwanza yenye mwenyewe. Hakunifukuza. Nimepewa onyo la mwisho, na karani mkuu ni Kalamu Mbili. (Sasa ana kalamu tatu.) Mimi nitawafundisha wenzangu wote kuandika kwa uwazi, wiki nzima, kwa kuwa nimejua uchungu wake.

Nikaenda kibandani kumwomba Mzee msamaha. Akasema Jumanne ile hakuwa amelala, aliniona nikipanda na kupiga. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema alikuwa ananisubiri. Nikalia, sifichi. Nimeapa mbele yake: kuanzia leo, jambo langu ni langu.

Ijumaa, 14 Machi

Mimi ni mwalimu mzuri kuliko nilivyodhani. Nimeanza kila kipindi na habari ya ujasiri wangu, na inanoga kila nikiirudia. Nyumbani wiki yote tunakula vizuri kusherehekea ukweli. Mwanafunzi bora ni Mzee wa Geti. Anakaa mbele, macho kodo, na anaandika kila ninachosema.

Jumatatu, 17 Machi

Mizani mpya imeletwa! Inang'aa. Na mimi tangu niteseke vile nimebaki mfupa mtupu. Nilitaka tu namba ya kumwonyesha mke wangu, tisini au pungufu.

Saa ya chakula, ghala tupu. Nikapanda. Tisini na saba.

Mpya kabisa, na mshale umeshakwama! Watu hawana uaminifu siku hizi. Nikaipiga ngumi moja, ndogo, ya kistaarabu.

Tang.

Ripoti ya leo nimeiandika kwa dakika mbili: mizani mpya imekutwa ikiwa imevunjika. Imetulia. Haina fujo, haina mtu. Meneja yuko safarini hadi Jumatano, na Kalamu Mbili atapitisha chochote mradi apewe nafasi ya kutia sahihi.

Wakati wa kutoka nikachungulia daftari la geti. Mzee ameandika kwa Kiingereza, mwandiko umenyooka: Karani alipanda mizani. Karani aliipiga ngumi. Mimi nilimwona.

Nikasoma tena. Hakuna kosa hata moja. Watendaji wote mwanzoni, kama nilivyomfundisha. Kusema kweli nilijivunia. Nikamsalimia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, akarudisha kofia usoni kama mtu aliyelala.

Kesho daftari la geti litapotea. Aliyelipoteza hatajulikana.